Mwalimu mgonjwa si mwalimu mtoro: Kliniki, cheti na ratiba ya vipindi Ngara na Biharamulo

Katika shule nyingi za msingi zilizo mbali na miji ya Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, siku ya kliniki ya mwalimu mmoja huonekana katika ratiba ya shule nzima. Mwalimu anayeishi na kisukari, shinikizo la juu la damu, pumu, selimundu, kifafa au Virusi vya UKIMWI huondoka kijijini alfajiri, kwa bodaboda hadi barabara kuu na kwa gari la abiria hadi hospitalini, akapange foleni ya maabara, amwone daktari, achukue dawa, kisha atafute usafiri wa kurudi. Anapofika nyumbani jua limekwishazama. Siku hiyo vipindi vyake vinne au vitano vimebebwa na mwenzake, au havikubebwa na mtu.

Siku moja husameheka. Ugumu huanza pale siku moja inapogeuka wiki. Mwalimu amezidiwa usiku, amelazwa, simu imezima chaji, ndugu wanahangaika na mgonjwa na hakuna anayekumbuka barua. Shuleni, daftari la mahudhurio ya walimu linaendelea kuonyesha nafasi tupu mbele ya jina lake. Kanuni za Utumishi wa Umma zinahesabu kutokuwapo kazini kwa zaidi ya siku tano bila ruhusa au sababu ya msingi kuwa kosa zito, ambalo adhabu yake inaweza kufikia kufukuzwa kazi. Wiki moja ya wodini, isiyokuwa na karatasi wala taarifa, inatosha kumfikisha mtu mwaminifu kwenye mstari huo.

Tume ya Utumishi wa Walimu (TSC), iliyoundwa kwa Sheria Na. 25 ya mwaka 2015, imekuwa ikiutaja utoro kazini mara kwa mara kuwa kosa linaloongoza katika mashauri ya nidhamu ya walimu nchini. Tume ina haki ya kulikemea kosa hilo, kwa kuwa darasa lisilo na mwalimu ni hasara isiyolipika. Lakini ndani ya neno hilo moja wamo watu wa namna mbili: aliyeacha kazi kwa hiari yake akaenda kufanya shughuli nyingine, na aliyekuwa akipigania uhai wake bila kumwambia mtu. Mwalimu mwenye ugonjwa sugu ana haki, na haki hizo zimekwishaandikwa. La kupima katika wilaya hizi mbili ni kama zinamfikia kabla jalada lake halijaanza kuandikwa mambo mengine.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kiwango cha chini cha likizo ya ugonjwa: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa kwa mshahara kamili na siku 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, sharti likiwa ni cheti cha tabibu aliyesajiliwa. Utumishi wa umma nao una utaratibu wake katika Kanuni za Kudumu za mwaka 2009. Ukisoma masharti haya kwa makini utaona kuwa yaliandikwa kwa kumfikiria mtu anayeugua, akalala, akapona, akarudi. Kisukari hakiendi hivyo. Kisukari kinachukua Jumanne moja ya kila mwezi, miaka yote ya utumishi.

Hata hivyo hesabu yake si ya kutisha. Mwalimu anayetumia siku moja ya kazi kila mwezi kwa ajili ya kliniki atakuwa ametumia siku 36 katika miezi 36. Hizo ni pungufu kwa siku 27 kuliko zile 63 zenye mshahara kamili, hata kwa kiwango hicho cha chini kabisa cha sheria. Kwa maneno mengine, mwalimu anayehudhuria kliniki kwa uaminifu na kurudi na cheti cha mapumziko, ambacho watumishi wengi wanakiita ED, yumo ndani ya haki yake na bado ana akiba ya siku za kulazwa. Anayeingia hatarini ni yule anayeacha kliniki ili asionekane mzembe. Huyo anaokoa siku 12 za mwaka, halafu anapoteza miezi mitatu mfululizo pindi figo, macho au moyo unapodai malipo.

Suala hili litazidi kukua, na sababu mojawapo ni umri wa walimu wenyewe. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) wa mwaka 2002 hadi 2006 uliingiza kazini kundi kubwa la walimu vijana. Aliyeajiriwa wakati ule akiwa na miaka 23 au 24 leo amevuka 40. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliohusu watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ulibaini kuwa asilimia 9.1 walikuwa na kisukari na takribani asilimia 26 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na magonjwa haya huongezeka kadiri umri unavyosogea. Ofisi ya walimu yenye watu wanane waliokaribia miaka 50 ina uwezekano mkubwa wa kuwa na angalau mmoja mwenye shinikizo la damu, ajue au asijue.

Upande wa pili wa mizani ni wanafunzi. Tangu utekelezaji wa elimu bila malipo ulipoanza Januari 2016, madarasa yamejaa, na idadi ya watu mkoani Kagera imepanda kutoka 2,458,023 katika Sensa ya mwaka 2012 hadi 2,989,299 katika ile ya mwaka 2022. Kiwango kinachotakiwa katika shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Shule ya pembezoni yenye walimu wachache haina mtu wa akiba. Mmoja akienda kliniki, madarasa mawili yanaunganishwa, na anayebaki anafundisha kwa sauti ya watu wawili. Ndiyo maana si haki kulieleza jambo hili kana kwamba ni mgonjwa peke yake anayeumia. Wenzake nao hubeba mzigo, tena mara nyingi bila kuambiwa sababu yake.

Jiografia inaongeza uzito. Ngara ni wilaya ya vilima inayopakana na Rwanda na Burundi, na mtu aliye Murusagamba au Bugarama yuko mbali na huduma zilizo Nyamiaga na Murgwanza, karibu na mjini Ngara. Hospitali ya Rulenge husaidia upande wake. Biharamulo ni tambarare zaidi lakini ni pana, na vijiji vingi viko ndani kutoka barabara kuu inayopita Lusahunga na Nyakahura kuelekea Rusumo. Wakazi wa muda mrefu wanakumbuka miaka ambayo magari ya abiria katika mapori ya ukanda huu yalisindikizwa na polisi kwa hofu ya majambazi. Hali hiyo imebaki kuwa simulizi, ila nauli na umbali bado vipo.

Mgonjwa anayehitaji daktari bingwa hupewa rufaa kwenda Bukoba, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Chato au Bugando jijini Mwanza. Hapa kuna mabadiliko ambayo walimu wa wilaya hizi wanayahisi moja kwa moja. Daraja la J.P. Magufuli linalounganisha Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na lililogharimu zaidi ya Sh. bilioni 700, lilizinduliwa na Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan Juni 19, 2025. Kabla ya hapo, mgonjwa aliyekuwa akitoka magharibi kwenda Bugando alikuwa anategemea kivuko, na foleni ya kivuko haikujali muda wa miadi. Leo maji hayo yanavukwa kwa dakika chache. Kwa mtu mwenye miadi ya saa 2 asubuhi, tofauti hiyo inaweza kuwa siku nzima ya kazi iliyookolewa.

Kambi za Madaktari Bingwa wa Dkt. Samia, zilizoanza kuzunguka halmashauri zote 184 mwaka 2024, zimewasogeza mabingwa hadi hospitali za wilaya kwa siku chache kila awamu. Faida yake kwa mwalimu inategemea jambo dogo: taarifa ya mapema. Ratiba ya kambi ikifika shuleni wiki mbili kabla, mkuu wa shule anaweza kupanga vipindi. Ikifika siku ya pili ya kambi, mwalimu wa Ntobeye au Kalenge ataisikia redioni akiwa darasani. Ofisi za waganga wakuu wa wilaya na za elimu ziko katika halmashauri moja, na mawasiliano kati yake hayahitaji bajeti mpya.

Biharamulo ilipata pia funzo la namna nyingine. Januari 20, 2025, Rais Samia alitangaza kuwapo kwa ugonjwa wa Marburg katika wilaya hiyo, na Machi 13, 2025 Serikali ikatangaza kuwa mlipuko umekwisha, baada ya watu 10 kupoteza maisha, wawili kati yao wakiwa wamethibitishwa kwa vipimo vya maabara. Mlipuko wa namna hiyo humweka mgonjwa wa ugonjwa sugu njia panda, kwa kuwa hofu humsukuma mbali na kituo cha afya wakati kidonge chake cha mwisho kinakaribia. Miongoni mwa mambo ambayo wataalamu wa afya wanaweza kuyapanga kabla ya mlipuko ujao ni akiba ya dawa kwa wagonjwa waliotulia, ili wiki sita za tahadhari zisigeuke wiki sita bila tiba.

Wazo hilo la akiba ya dawa si geni Kagera, na historia yake inastahili kukumbukwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata, kabla ya dawa, kuugua kwa mwalimu kulikuwa na mwisho mmoja: ruhusa fupi, ruhusa ndefu, kisha msiba shuleni. Huduma ya dawa za kufubaza Virusi vya UKIMWI bila malipo ilipoanza kutolewa kitaifa mwaka 2004, na baadaye mwaka 2016 ulipoanza utaratibu wa kumwanzishia dawa kila anayegundulika bila kusubiri kinga ishuke, ugonjwa uliokuwa hukumu ukawa hali ya kuishi nayo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/23 uliweka maambukizi kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi kuwa asilimia 4.4. Ndani ya idadi hiyo wamo walimu wanaofundisha, wanaosahihisha madaftari na wanaopandishwa madaraja kama wengine.

Mteja wa kliniki ya tiba na matunzo (CTC) ambaye afya yake imetulia anaweza kupewa dawa za miezi mitatu hadi sita kwa mkupuo. Mwalimu wa aina hiyo akipanga vizuri, miadi yake miwili ya mwaka inaweza kuangukia likizo za shule za Juni na Desemba, na darasa lisijue lolote. Mwenzake wa meza ya pili mwenye shinikizo la damu, ugonjwa usio na minong'ono kijijini, kwa kawaida huitwa kliniki kila mwezi. Hivyo ugonjwa uliotisha kuliko yote miaka ya 1980 leo unamruhusu mtu kufundisha bila kukatizwa, wakati ugonjwa unaoonekana wa kawaida unamtoa darasani mara 12 kwa mwaka. Tofauti hiyo imetokana na mpangilio wa huduma, wala si ukali wa ugonjwa wenyewe. Kilichofanyika kwa VVU kinaweza, kwa uamuzi wa daktari na kwa mgonjwa ambaye vipimo vyake vimetulia, kufanyika kwa vidonge vya presha.

Serikali iliyaona magonjwa haya kuwa suala moja la mahali pa kazi zaidi ya miaka 10 iliyopita. Mwongozo wa kudhibiti VVU, UKIMWI na Magonjwa Sugu Yasiyoambukizwa mahali pa kazi katika utumishi wa umma, wa mwaka 2014, unawataka waajiri wa umma kuwa na programu za elimu, upimaji wa hiari na huduma kwa watumishi waliojitokeza. Makao makuu ya wizara na taasisi mara nyingi wana kamati, mratibu na siku ya kupima afya. Shule iliyo mwisho wa barabara ya vumbi haina mratibu, na mtumishi aliye huko ndiye mbali zaidi na kituo cha afya. Halmashauri ndiyo mwajiri wa mwalimu huyo, kwa hiyo fungu la huduma hizo katika bajeti ya halmashauri ndilo mahali pa kwanza pa kutazama iwapo mwongozo umefika kijijini au umebaki kabatini.

Neno "waliojitokeza" lina uzito wake. Kujitokeza ni hiari. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa majibu, inakataza unyanyapaa na ubaguzi, na hairuhusu kumlazimisha mtu kupima isipokuwa katika mazingira iliyoyataja yenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini nayo inakataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya VVU au ulemavu. Nchini Kenya, walimu wanaoishi na VVU walianzisha mtandao wao, KENEPOTE, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakasemana wao kwa wao kwanza kabla ya kusema na mwajiri. Njia hiyo ilisaidia wengi, ila si kila mwalimu anataka kuwa sura ya mapambano. Wengine wanataka tu kufundisha hisabati na kwenda nyumbani.

Kwa huyo anayetaka faragha, ipo njia ya kati ambayo haitumiki vya kutosha. Mwalimu Mkuu, au Mkuu wa Shule kwa sekondari, anahitaji kujua mambo mawili ili kupanga kazi: siku ambazo mwalimu hatakuwapo, na kazi ambazo hali yake haimruhusu kuzifanya. Jina la ugonjwa si la lazima kwa lolote kati ya hayo. Barua inayosema kuwa mtumishi yuko chini ya uangalizi wa daktari na atahudhuria kliniki katika tarehe zilizoonyeshwa inatosha kuanzisha mazungumzo. Kwa kisukari na kifafa, hata hivyo, kukaa kimya kabisa kuna hatari yake. Mwalimu anayetumia insulini anaweza kuishiwa sukari katikati ya kipindi, akaanza kutetemeka, kutoka jasho na kuzungumza kama mlevi. Akiwapo mwenzake mmoja anayejua, soda au maji yenye sukari yatamrudisha kabla hajapoteza fahamu. Asipokuwapo, kijiji kitasema mwalimu alilewa darasani, na habari hiyo hufika kwa Afisa Elimu Kata mapema kuliko ya hospitali.

Marekebisho yanayohitajika shuleni ni madogo. Mwenye pumu akalishwe mbali na vumbi la chaki, futio la ubao liloweshwe, na wanafunzi wafagie darasa baada ya kumwagia maji. Mwenye matatizo ya miguu yatokanayo na kisukari apewe kiti na darasa la karibu na ofisi. Mwenye selimundu asipangwe kusimamia paredi na michezo asubuhi za baridi, na asubuhi za baridi Ngara si chache. Anayetumia insulini aachiwe muda wa kula kwa saa maalumu, hata kama ni mwalimu wa zamu. Hali ya hewa ya vilima vya Ngara ina fadhila moja ambayo mtu wa Dar es Salaam hana: chupa ya insulini iliyokwisha kufunguliwa hukaa takribani wiki nne bila jokofu mahali penye ubaridi na kivuli, na nyumba ya mwalimu yenye mtungi wa maji kwenye kona ni mahali pa namna hiyo.

Mwalimu Mkuu anayeyafanya haya hufanya pia jambo ambalo walimu wengine watalipima: anagawa upya kazi. Zamu ya mgonjwa inakwenda kwa mzima. Ikifanywa kimyakimya, kwa upendeleo wa siri, huzaa manung'uniko. Ikifanywa mezani, katika kikao cha walimu, kwa kubadilishana, yaani aliyeondolewa paredi achukue kusahihisha mitihani au kutunza stoo ya vitabu, hubaki kuwa mgawanyo wa kazi. Hili ndilo eneo ambalo busara ya kiongozi wa shule ina nguvu kuliko waraka wowote.

Mfumo mpya wa upimaji wa utendaji, PEPMIS, ulioanza kutumika mwaka wa fedha 2023/24 kuchukua nafasi ya OPRAS, unalifanya jambo hili kuwa la haraka zaidi. Mtumishi huweka kazi zake na kupimwa kwa utekelezaji wake. Mwalimu aliyejiwekea majukumu ya mtu mzima wa afya kwa sababu aliona aibu kusema, ataonekana ameshindwa kwenye kompyuta, na alama hizo huingia katika mjadala wa kupandishwa daraja. Kazi zilizobadilishwa kwa makubaliano zinapaswa kuingizwa katika mfumo mwanzoni mwa mwaka, siyo kuelezwa mwishoni.

Kuhusu gharama, mwalimu wa Serikali ana nafuu ambayo jirani yake mkulima anaitamani. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, hupokea asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitoka kwa mtumishi na nusu kwa mwajiri, na humhudumia yeye, mwenza na wategemezi hadi wanne. Pamoja na hayo, kadi haina maana dirishani ikiwa dawa haipo, na hapo mgonjwa hutakiwa aende na fomu kwenye famasi iliyosajiliwa na Mfuko, ambayo kwa mtu wa Nyantakara iko mjini. Kitita kipya cha mafao kilipoanza kutumika Machi 1, 2024, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama kabla ya mazungumzo kuzirejesha. Ngara na Biharamulo, ambako huduma nyingi hutolewa na hospitali za Serikali na za madhehebu ya dini, mtikisiko huo ulisikika zaidi kwa wale waliopewa rufaa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inapanua wigo huo kwa wananchi wengine, jambo litakaloongeza foleni na, ikiwa maandalizi yataenda sambamba, litaongeza pia dawa zilizo karibu.

Wengi huona uhamisho kuwa dawa ya yote. Maombi ya kuhama halmashauri hupitia mfumo wa kielektroniki wa watumishi, ESS, na ugonjwa uliothibitishwa na daktari ni sababu inayozingatiwa. Kila anayeondoka Murusagamba kwenda Mwanza, hata hivyo, huacha pengo ambalo hujazwa baada ya muda mrefu, na wilaya za mipakani zimekuwa zikipoteza walimu kwa njia hiyo kwa miaka mingi. Kabla ya kufika huko, Mkurugenzi wa Halmashauri ana uwezo wa kumhamisha mwalimu ndani ya wilaya, kutoka shule ya mbali kwenda shule iliyo karibu na hospitali. Kwa mgonjwa anayehitaji kliniki ya mwezi, shule iliyo umbali wa kutembea kutoka Nyamiaga au mjini Biharamulo inaweza kumrudishia karibu siku zote alizokuwa anapoteza: anamwona daktari asubuhi na kuingia darasani saa 5. Uhamisho wa ndani hauna mvuto wa jiji, lakini unambakiza mwalimu kazini na wilaya haimpotezi.

Wapo pia ambao hata hayo hayatoshi. Pale bodi ya madaktari inapothibitisha kuwa mtumishi hawezi tena kuendelea na kazi, hustaafishwa kwa sababu za kiafya, na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF) una fao linalohusu hali hiyo. Mtu wa namna hii hapaswi kusukumwa aandike barua ya kuacha kazi kwa hiari, na mwalimu mwenyewe asikubali kuiandika kwa uchovu wa siku moja, kwa sababu kuacha kazi na kustaafu kwa ugonjwa ni milango miwili tofauti yenye mafao tofauti. Umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na wa lazima ni miaka 60; mwalimu wa miaka 45 aliyeondoka kwa mlango usio wake ana miaka mingi ya kulijutia hilo.

Kwa yule ambaye shauri la utoro limekwisha kumfikia, taratibu za TSC zinampa nafasi ya kujibu. Hupewa hati ya mashtaka, hutakiwa kujitetea kwa maandishi, na asiporidhika na uamuzi wa ngazi ya wilaya anaweza kukata rufaa kwa Tume na hatimaye kwa Rais. Utetezi wenye vyeti vya hospitali vyenye tarehe zinazolingana na siku za kutokuwapo una uzito. Utetezi wenye maelezo matupu, hata yakiwa ya kweli, unaiachia kamati kazi ya kukisia. Vyeti vilivyotafutwa baada ya mashtaka huulizwa maswali ambayo vyeti vilivyowasilishwa wiki ileile haviulizwi.

Kwa sababu hiyo, karatasi ndogo ndizo zinazobeba uzito mkubwa. Mwalimu anayeanza matibabu ya muda mrefu anashauriwa kuandika barua kwa Mkurugenzi kupitia kwa Mwalimu Mkuu na Afisa Elimu Kata, akiambatisha barua ya daktari yenye ratiba ya kliniki. Kila arudipo na ED, aiwasilishe shuleni kesho yake na kubaki na nakala. Ndugu mmoja au jirani awe na namba ya simu ya Mwalimu Mkuu, ili mgonjwa akilazwa usiku taarifa itolewe asubuhi, hata kwa ujumbe mfupi wa maneno. Na ile nakala ya barua ya kwanza anayobaki nayo nyumbani iwe imegongwa mhuri wa kupokelewa, wenye tarehe.